Nusu ya Ulimi Wangu

Watu wasionijua, wakinisikia nikipatana bei ya nyanya Marikiti, hudhani nina kitu mdomoni na nimekosa adabu ya kukimeza kabla ya kusema. Wengine hunijibu kwa sauti ya juu, kama kwamba mimi ndiye nisiyesikia. Nimezoea. Ulimi wangu umebaki nusu, meno ya chini upande wa kushoto sina, na nina kovu linaloanzia chini ya sikio na kushuka shingoni. Mwaka jana bibi mmoja wa Tononoka alimleta kwangu mpwa wake, msichana wa miaka ishirini mwenye uvimbe wa rangi ya zambarau ndani ya shavu. Bibi huyo aliniuliza maswali hata nikachoka mdomo kabla yeye hajachoka kuuliza. Nikamwambia ampeleke hospitali kesho yake asubuhi, na mengine nitayaandika.

Elimu ya ugonjwa wenyewe sina, wala sitajifanya. Nitaeleza yaliyonipata na kosa nililolifanya, kwa sababu ni kosa la watu wa kwetu na linaweza kumpata mwingine aliyeketi barazani kwake sasa hivi anatafuna.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka arubaini na moja, nimeachika bila mtoto, nimerudi kukaa na mamangu Kibokoni, Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kufunga tambuu. Napaka jani chokaa na katu inayotia wekundu, natia vipande vya popoo, ile kokwa ngumu ya kutafuna, nakunja, nabana kwa karafuu. Za harusi nikizipanga kwenye sinia, za kila siku nikiuza kwenye dirisha la chini. Vidole vyangu vilikuwa vyekundu na vimechanika kwa chokaa. Kinywa changu kilikuwa chekundu vilevile, maana mfungaji asiyeonja hauzi.

Mamangu alikuwa haoni. Macho yalimzimika polepole, na wakati huo ulikuwa mwaka wa sita tangu aone sura ya mtu. Lakini masikio yake yalikuwa makali hata ya kuudhi. Alijua nani anapita uchochoroni kwa mburuzo wa viatu, na nikiitikia salamu yake tu alijua kama nimekasirika, nimechoka au nimeficha jambo. Kila baada ya alasiri tulikaa pamoja ukumbini, yeye tambuu yake nimemtwangia kwa kuwa hana meno, mimi yangu nzima, na kopo moja la kutemea katikati yetu. Tulisengenya mtaa mzima, tukacheka, tukaomba toba, tukaanza tena. Sikuwa na saa niliyoipenda zaidi ya hiyo.

Uvimbe ulianza wakati wa vuli. Nilihisi kitu chini ya ulimi upande wa kushoto, kidogo, laini, kisichouma. Nikadhani nimejing'ata. Kikakua. Nikawa nakigusagusa kwa ncha ya ulimi nikifanya kazi, na wakati mwingine nasikia ladha ya chuma. Sikukitazama kwenye kioo hata siku moja. Nikitema, natema nyekundu, na mla tambuu hatemi rangi nyingine. Miezi mitatu nilikuwa natema damu katika kopo la mamangu na hatukujua, yeye haoni na mimi siangalii. Sisemi kwamba tambuu ndiyo iliyoniletea uvimbe; hata daktari aliyenitibu baadaye alisema hana hakika. Nasema ilinifichia. Hilo ndilo kosa langu.

Ulionifichulia ni mwezi wa Ramadhani. Siku ya nne ya mfungo, natawadha kwa ajili ya adhuhuri, nikasukutua, maji yakatoka mekundu sakafuni. Wazo langu la kwanza lilikuwa la kipuuzi: nilitazama mlangoni nisije nikaonekana, mtu akadhani nimekula mchana. Kisha nikakumbuka kwamba sijatia tambuu mdomoni tangu daku. Nikasukutua tena. Nyekundu. Nikachukua kioo cha mkononi nikaenda nacho dirishani penye mwangaza, nikainua ulimi. Kulikuwa na kitu kama zambarau iliyoiva, kimekaa mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Mbona kimya huko?" mamangu akaniuliza kutoka ukumbini.

"Kinywa chatoka damu, mama."

"Umeimeza?"

"Sijui."

"Ukiimeza kwa kutaka, saumu imekwenda. Sukutua kwa maji ya chumvi."

Aliuliza kuhusu saumu kwa sababu hofu ilikuwa bado haijamwingia. Iliingia kwangu kwanza.

Nilikwenda kwa mtu mmoja wa meno aliyekuwa na chumba chake juu ya duka. Simlaumu, ndiyo maana simtaji. Alitazama kwa tochi, akasema ni jipu la fizi lililoteremka, akachukua sindano ili alitoboe usaha utoke. Haukutoka usaha. Damu iliruka hadi kifuani kwake, ikaniteremka kidevuni, ikalowesha leso zote mbili nilizovaa. Alinibana kwa pamba kwa mikono miwili, anarudia kusema, "Vumilia mama, vumilia mama." Ilipopungua alinishika mkono mpaka chini barabarani, akanitafutia teksi yeye mwenyewe, akamwambia dereva hospitali kubwa na asisimame njiani. Ukiwa na uvimbe wa rangi hiyo mdomoni, usikubali mtu autie sindano wala ang'oe jino lililo karibu nao kabla ya kuonwa na anayejua. Hata akikwambia ni kazi ya dakika moja.

Hospitalini ndipo nilipojifunza kungoja. Daktari wa kinywa na taya alikuwa anakuja siku mbili kwa wiki, na benchi lake lilikuwa ukutani, mkabala na choo. Tulikaa pale tangu asubuhi, wanawake na watoto, wanaume wa bandarini waliovunjika taya, kila mmoja ameshika kikaratasi chake. Joto la kaskazi lilikuwa halina huruma na mimi nimefunga. Muuguzi mmoja Mgiriama aliniona natema kwenye taulo, akanihamisha mpaka kiti kilichokuwa karibu na dirisha, na tangu siku hiyo kila nilipokwenda alikuwa amekiwekea mkoba wake ili asikae mtu. Sikuwahi kujua jina lake. Namwombea bila jina.

Daktari alikuwa mtu mwembamba, mpole, asiye na haraka. Alichukua kipande cha kioo, akakibonyeza juu ya uvimbe, ukawa mweupe. Akakiondoa, rangi ikarudi. Alifanya hivyo mara mbili.

"Mama, hii si nyama ya kawaida," akasema. "Ni mishipa ya damu iliyojisokota ikajifanya uvimbe. Katika kazi yangu nimeuona mara mbili."

"Na hao wawili wako wapi?" nikamuuliza.

Alicheka kidogo. "Mmoja nilimwona juzi anauza viatu. Huyo mwingine alichelewa."

Nilimpenda kwa kutonidanganya. Alinieleza kwamba Nairobi watapiga picha ya mishipa, na kwamba itabidi uvimbe ukatwe pamoja na sehemu ya ulimi, na pengine mfupa kidogo. Ukiachwa, siku moja utapasuka nikiwa nimelala. Nikamuuliza kama nitasema tena. Akajibu kwamba nitasema, lakini haitakuwa sauti ninayoijua.

Idd ya mwaka ule nilikunywa uji tu. Nyumba ilijaa ndugu, kila mmoja ana dawa yake: mwarobaini, asali, kombe la kunywa, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani sahanini zikaoshwa kwa maji. Nilikunywa kombe, nikapaka asali, na uvimbe ukaendelea kukua. Nilikuwa silali chali kwa kuogopa damu, nalala kiubavu na taulo chini ya shavu. Nilipungua hata bangili zikawa zinanivuka zenyewe. Kazi ya tambuu niliiacha, nikafunga dirisha, na wateja wakagonga wiki mbili wakachoka.

Ndugu yangu Athumani, mkubwa wangu kwa miaka miwili, alikuwa karani wa ghala moja Shimanzi. Yeye ndiye aliyepanga safari ya Nairobi. Siku aliyokuja kumweleza mama, mvua za masika zilikuwa zimeanza na tulikuwa tumekaa sote watatu ukumbini. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza mimi, si yeye.

"Wataka kukatwa ulimi?"

"Sehemu, mama. Wasiponikata nitakufa."

"Dadangu Mwanasha walimkata uvimbe wa shingo. Aliingia kwa miguu yake, alitoka amefunikwa. Waliniambia amelala. Siku tatu waniambia amelala."

"Mambo yamebadilika, mama," Athumani akasema.

"Nyamaza wewe." Akaelekeza uso wake upande wangu. "Mimi sina mato, Rukia. Nakuona kwa kinywa chako. Ukikikata, n'takuona na nini?"

Nilipaswa kumshika mkono wakati ule. Sikumshika. Nilikuwa na maumivu, nina njaa, nimechoka kupewa asali, na mimi tangu utotoni nina kasirani ya haraka. Nikamwambia kwamba anajifikiria yeye tu, na kwamba nitakwenda akitaka asitake.

"Enda," akasema. "Lakini radhi zangu hutoki nazo."

"Basi nitatoka bila radhi."

Mtu wa kwetu akisoma hapa ataelewa. Kwa asiyeelewa nitasema tu kwamba tumelelewa kuamini kuwa mtoto aliyenyimwa radhi na mzazi hafiki popote, hapa wala huko. Nilisema maneno yale nikijua. Asubuhi ya safari alikuwa ameketi kitandani, uso ukutani. Nilimtolea salamu, akaiitikia kwa kuwa salamu ni haki, hakuongeza neno. Nikashuka ngazi.

Nairobi ilikuwa baridi na mimi nilikuwa na sweta moja. Athumani alikuja na mwenzake wa kazini, Mzee Mwadime, Mtaita aliyekuwa msimamizi wa makuli wa ghala. Sikujua kwa nini amekuja mpaka daktari wa huko aliposema kwamba hatanigusa bila damu ya kutosha ya akiba. Mwadime akatoka, na baada ya saa kadhaa akarudi na binamu zake watano wanaofanya kazi reli, bado wamevaa sare, wamekunja mikono ya mashati tayari. Pamoja naye wakawa sita. Hawanijui, sijawahi kuwapikia hata chai. Athumani hunitania mpaka leo kwamba damu ya Taita ndiyo iliyonifanya nipende baridi.

Kupiga picha ya mishipa kulichukua siku moja na kuingoja wiki moja. Kuhusu upasuaji wenyewe sina la kusema, nilikuwa sipo. Nilichoambiwa ni kwamba kwanza walifungua shingo wakaufunga mshipa mkubwa unaopeleka damu kule, ndipo wakakata. Waliingia asubuhi, wakatoka alasiri, na damu ya Wataita ilitumika karibu yote.

Nilipozinduka nilikuwa na mpira kooni wa kupumulia, mwingine puani wa kulishwa, na kinywa kilichojaa kitu kizito kisicho changu. Nilijaribu kuita. Hakuna kilichotoka, hata pumzi haikupita mdomoni. Muuguzi alinipa daftari na kalamu. Neno la kwanza nililoandika lilikuwa "mama," na yule muuguzi akadhani namwita yeye, akaniambia, "Niko hapa." Nililia na machozi yakaingia kwenye bandeji yakawasha.

Sasa sikilizeni jambo la simu, maana ndilo lililoharibu kila kitu. Nyumbani kwetu hapakuwa na simu. Iliyokuwa karibu ilikuwa ya jirani yetu Bi Shekue, na Athumani alipanga naye kwamba kila Ijumaa baada ya swala mama ataongozwa pale, na yeye atapiga kutoka Nairobi. Ijumaa ya kwanza mama akaomba kusema nami. Nilikuwa na mpira kooni. Athumani angemwambia hivyo, mambo yangekwisha. Lakini aliogopa kumtisha, akasema, "Amelala, mama."

Ijumaa ya pili akasema nimelala. Ya tatu akasema nimelala, naye mama hakuuliza la pili. Aliweka simu chini, na Bi Shekue alitusimulia baadaye kwamba alirudi nyumbani kwake ukutani ukutani, hakutaka kushikwa mkono, na Ijumaa zilizofuata hakwenda tena.

Mimi sikuwa najua. Nilikuwa najifunza kumeza mate. Ukikatwa ulimi, kumeza ni kazi ya kufundishwa upya, na aibu yake ni kubwa kwa mtu mzima: unakoroma, unapaliwa, chakula kinarudi puani. Uji mwepesi kwa kijiko bapa, kichwa umekiinamisha mbele, ndiyo njia niliyoiona bora. Walipotoa mpira wa kooni na nikasema kwa mara ya kwanza, nilisema "alhamdulillahi," na Athumani akageuka akatazama dirishani. Nikajua jinsi ilivyotoka. Wiki nyingi baadaye nilipewa kioo. Shavu la kushoto lilikuwa limeingia ndani na mdomo umevutwa upande. Nilijitazama kwa muda mrefu kama ninavyotazama kitambaa dukani, natafuta upande ulio mzuri. Upo. Wa kulia.

Daktari akasema umetoka wote kwa kadiri anavyoona, lakini uvimbe wa namna ile una tabia ya kurudi, kwa hiyo nionwe kila baada ya miezi mitatu. Mpaka naandika haya haujarudi.

Tulirudi Mombasa wakati wa kusi, upepo unapuliza vumbi Ndia Kuu. Njia nzima nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno mawili, "shikamoo mama," nikiyasema ndani ya leso. Nilipanda ngazi. Alikuwa ameketi ukumbini mahali pake. Nikamwinamia, nikayasema.

Aligeuza sikio upande wangu. Kisha kwa adabu kubwa, ile anayowapa watu wasiojulikana, akasema, "Marahaba. Karibu. Ni nani mwenzangu?"

"Mama, huyu ndiye Rukia," Athumani akasema.

"Rukia yuwapi?"

"Huyu hapa. Wamemfanyia operesheni, sauti ndiyo imebadilika."

Alinyoosha mikono nikampa uso wangu. Vidole vyake vilipita kwenye shavu lililozama, vikapita kwenye kovu, vikateremka mabegani palipokuwa na mifupa mitupu. Akashika mikono yangu akaipapasa kiganja na vidole. Miezi mitatu sikuwa nimegusa chokaa. Ngozi ilikuwa imepona, laini.

"Mwanangu ni mnene," akasema. "Na vidole vyake vimeliwa na chokaa."

Nilianza kumwambia mambo ya utotoni ambayo hakuna mwingine anayeyajua. Hakuelewa neno. Athumani ikabidi arudie kila nililosema, na mama akatikisa kichwa. "Hayo wewe wayajua, wewe ni nduguye. Mwanishikia mtu wa kando mkamtia maneno kinywani." Kisha akaanza kulia bila sauti. "Na Mwanasha mlisema amelala. Mwanangu amekufa, mwanificha. Amekufa hana radhi zangu."

Tulijaribu siku nyingi. Kila tulivyojaribu alizidi kuumia, na baada ya wiki mbili nilimwomba Athumani aache. Mama akataka jambo moja tu: asomewe mwanawe hitima. Athumani akaenda kwa maalim wa msikiti wetu, akamweleza yote. Maalim alifikiri sana. Akasema hitima ya maiti kwa mtu anayetembea hawezi, lakini dua haibagui aliye hai na aliyekufa. Atakuja, atasoma Yasini, atamwombea Rukia kwa jina, na hatasema yuko wapi.

Basi nikapika kahawa ya dua yangu mwenyewe. Nikapanga visheti kwenye sinia nililokuwa nikipangia tambuu za harusi, nikaketi na wanawake nyuma ya pazia. Maalim alinitaja jina langu na la babangu, akaniombea rehema na afya na msamaha, na watu wote waliojua wakashindwa kuinua macho. Tulipomaliza Athumani akamwinamia mama, akamwambia, "Mama, mpe radhi basi."

"Radhi hupewa mtu akaisikia," mama akajibu. "Nimpe nani?"

Nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwake.

Baada ya hapo nilibaki nyumbani kama mtu aliyeajiriwa. Athumani alimwambia mama kwamba mimi ni mwanamke niliyekuwa mgonjwa hospitali moja na Rukia, sina pa kwenda, nitamtunza. Mama alikubali, kwa kuwa hajapata kumfukuza mtu mlangoni. Akaniita "mwana wa watu." Nilimwogesha, nilimpikia, nilimtwangia tambuu yake nikaitia kinywani mwake kwa mkono huu. Miezi ikapita na sikio lake likaizoea sauti yangu mpya, hata akawa ananielewa kuliko Athumani. Alinisimulia habari za Rukia. Alisema alikuwa na kasirani lakini mcheshi, kwamba nyumba haikuwa na kiza alipokuwamo. Katika maisha yangu yote hajaniambia hivyo mimi.

Mama aliishi mwaka mmoja kasoro tangu siku ya dua, na alipokufa nilimwosha mimi. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na asubuhi moja, tumekaa, namnywesha uji.

"Mwana wa watu," akasema, "wewe una mama?"

"Ninaye."

"Yuajua kama u mzima?"

"Hajui."

Akausukuma mkono wangu na kijiko. "Huna akili wewe? Wamwacha mzazi akae akidhani umekufa? Inuka, nenda kwake."

"Tuligombana. Alininyima radhi."

Alijifuta uji mdomoni kwa ncha ya leso. "Mzazi hunena tu," akasema. "Mimi nilimnenea wangu vivyo hivyo. Hajafika chini ya ngazi moyo wangu ushampa. Nilikuwa namngoja kwenye simu nimwambie. Nenda, mwanangu. Hivi sasa nenda."

Nikaweka bakuli chini. Nikatoka hadi kwenye ngazi, nikasimama pale na leso mdomoni mpaka nikaweza kupumua vizuri. Kisha nikarudi nikaketi mahali pangu.

"Umerudi upesi," akasema.

"Yuko karibu."

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Amekupa radhi?"

"Amenipa."

"Alhamdulillahi," mamangu akasema, akafungua kinywa nimmalizie uji wake.